Eleison siyo mafuta

Mwalimu wa kwaya alitusimamisha mara ya sita kwenye neno moja la *Kyrie eleison*, ule wimbo wa "Bwana utuhurumie".

"E-le-i-son. Silabi nne jamani, nne! Nyie sauti ya pili mnaimba e-lei-son kama mnamuita jirani yenu anaitwa Leison."

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili kasoro usiku, umeme umekatika tangu jioni, kinanda kinaendeshwa na jenereta inayokohoa nje ya dirisha, na mbu wa ukumbi wa parokia si mnawajua. Tulikuwa tunaandaa misa ya sikukuu ya somo wa parokia, ambayo ndo siku pekee kwa mwaka tunaimba ordinari yote, zile sehemu za misa zisizobadilika, kwa Kilatini, wazee wanafurahi, watoto wanasinzia. Kijana mmoja mpya wa besi akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hiki Kilatini maana yake nini?"

"Siyo Kilatini hicho, ni Kigiriki. Haya, kutoka juu."

Mimi hiyo nilikuwa naijua. Nikamgeukia dada wa pembeni yangu nikamnong'oneza kwa kujidai kidogo, "Eleison maana yake tumiminie mafuta."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

Hapo ndo shida yangu ilipoanza.

## Mafuta ya nazi

Aliyeniambia ni voisi noti. Ilizunguka kwenye grupu letu mwaka jana, dakika nne na nusu, mhubiri ambaye simjui jina anaeleza kwa sauti nzito kwamba neno *eleison* linatokana na neno la Kigiriki la mafuta ya mzeituni, kwamba kila tukiimba "Bwana utuhurumie" kwa kweli tunamwambia Mungu atumiminie mafuta kwenye vidonda, kama yule Msamaria alivyomfanyia mtu wa njiani. Nikaisikiliza jikoni. Nikairudia. Mara ya tatu nikakaa chini kwenye ndoo.

Nilikuwa nimetoka kumzika mama wiki saba nyuma.

Mama alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala, na kwa miezi mitano kazi yangu ya jioni ilikuwa moja: namuogesha, namkalisha, namimina mafuta ya nazi kwenye kiganja mpaka yapate joto, nampaka mguu ule usiosikia kuanzia kwenye vidole kupanda juu. Mtu wa mazoezi alisema inasaidia damu kutembea. Sijui kama ilisaidia. Nilikuwa nafanya bila kusali, nisidanganye, mara nyingi nilikuwa nimechoka mpaka nawaza bei ya pampasi tu. Sasa mtu ananiambia kwamba mikono yangu ilikuwa inasema Kyrie muda wote ule.

Nani asingeipenda voisi noti kama hiyo.

Niliiforwadi kwa watu wengi. Kwenye jumuiya nilisimama kabisa nikaieleza, na mama mmoja akalia. Kwa hiyo yule dada wa sauti ya pili aliponiuliza "nani kakwambia", swali dogo tu, likaniganda. Wiki ya kwanza nikalipuuza. Wiki ya pili nikaanza kununua bando la usiku.

## Kaa, kaa na kaa

Maneno yenyewe ni mawili. Huruma kwa Kigiriki ni *eleos*. Mafuta ya mzeituni ni *elaion*. Ukiyaweka pembeni kwa pembeni kweli yanafanana, na kuna kitu kimoja kinachofanya yafanane zaidi: kadiri karne zilivyokwenda matamshi ya Kigiriki yalibadilika, ile *ai* ikawa inatamkwa *e*, kwa hiyo *elaion* mdomoni ikawa *eleon*. Na *eleos* ikikaa kama mtendwa wa sentensi, inaweza kuwa *eleon*. Yaani Mgiriki wa zama za mababa wa Kanisa akisema "nipe mafuta" na "nipe huruma", sikio lako halipati tofauti.

Ila kufanana siyo undugu. Kwetu kuna kaa wa baharini, kuna kaa la moto, na kuna kaa kitako. Mtu akikwambia kaa la moto limeitwa hivyo kwa sababu linabana kama kaa wa pwani utamcheka, hata akisema kwa sauti nzito.

Na mafuta yana ukoo wake unaojulikana. Kuna vibao vya udongo vya Kigiriki cha kale kabisa, vya zaidi ya miaka 3,200 iliyopita, ambavyo kwa sehemu kubwa ni hesabu za stoo za wafalme, na humo neno la mafuta limeandikwa *e-ra-wo* (mwandiko ule haukutofautisha *l* na *r*, sijui kwanini hilo lilinifurahisha, labda kwa sababu bibi yangu naye alikuwa hivyohivyo). Angalia hiyo *w* katikati. Wagiriki wenyewe baadaye waliipoteza, lakini Warumi walikuwa wameshalichukua neno wakabaki nayo, ndo maana mzeituni kwa Kilatini ni *oliva*. *Eleos* haina *w* popote, inakwenda njia yake. Ni ukoo mwingine, basi.

Nilifunga simu nikalala kwa hasira. Kuna hasira ya kukosolewa na kuna hasira ya kunyang'anywa kitu, na hii ilikuwa ya pili.

Kesho yake nikapata cha kujifariji kidogo. Mhubiri wangu hakuwa wa kwanza. Yohane Krisostomo mwenyewe, mhubiri maarufu wa Kigiriki wa karne ya 4, akihubiri juu ya wale wanawali kumi, alisema mafuta yaliyokosekana kwenye taa za wapumbavu ni huruma kwa maskini, na kwa Kigiriki sadaka ya maskini inaitwa *eleemosyne*, mtoto halali wa *eleos*. Waliomsikiliza walisikia ule mwangwi wa maneno mawili, wakafurahi, wakaenda nyumbani. Na ukifungua Luka 10 kwa Kigiriki, mstari wa 34 Msamaria anamimina *elaion* kwenye majeraha, na mistari mitatu mbele mwanasheria anasema jirani ni yule aliyetenda *eleos*. Kwa hiyo mchezo wa maneno upo, ni wa zamani na ni mzuri.

Lakini mchezo wa maneno siyo asili ya neno, na mimi kwenye jumuiya nilisema "asili".

## Kijana wa mtoni

Nikasema basi, kama siyo mafuta, hili neno limetoka wapi? Nilitegemea nitalikuta kwenye Zaburi. Na kweli lipo huko, Wayahudi waliotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki walipofika penye lile ombi la Zaburi ya 51, "Ee Mungu, unirehemu", waliandika *eleison me*. Neno la Kiebrania lililo chini yake ndo linalokaa ndani ya majina Ana na Yohana. Hapo nilitulia.

Halafu nikaendelea kusoma, na ndo kosa.

Kuna utenzi wa Homer wa vita vya Troya, mkongwe kuliko tafsiri hiyo kwa karne nyingi. Ndani yake kuna kijana anaitwa Lykaon, mtoto wa mfalme Priamo. Achilles, shujaa wa Wagiriki, anamkuta kando ya mto, kijana hana ngao wala mkuki, anakimbia kwa kuinama anamshika magoti anamwambia: niheshimu, nihurumie. *Eleison*. Ni lilelile, umbo lilelile la kitenzi, herufi kwa herufi na zile tunazoimba Jumapili.

Achilles anamjibu, kwa upole wa ajabu, kwamba wewe nawe ufe tu, mbona unalia hivyo, rafiki yangu Patroklos amekufa na alikuwa bora kuliko wewe. Anamchoma upanga shingoni, anamshika mguu, anamtupa mtoni samaki wamle.

Nilisoma hiyo kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Maana sisi pia tuliomba. Tuliomba wodini, tukaomba nyumbani, wanajumuiya walikuja mara tatu na rozari, padri akaja na mpako wa wagonjwa (mafuta ya kweli hayo, ya mzeituni), na Jumanne moja alfajiri mama akakata roho. Kama neno lilishasemwa kwa mtu aliyeshika upanga na halikufanya kitu, basi neno lenyewe halina nguvu ya kufanya kitu. Ni ombi tu, ukilisema umeshapiga magoti, mengine hayako mikononi mwako.

## Kwa mpiga ramli

Kingine kilichonishtua ni kwamba wapagani walikuwa nalo hilihili kabisa, *Kyrie eleison*, maneno mawili pamoja. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa utumwani, aliyefundisha mwishoni mwa karne ya 1 na mwanzoni mwa ya 2, anawasuta watu wa zama zake: mnakwenda kwa mpiga ramli anayesoma ndege, mnatetemeka, mnamshika, mnamlilia kama mungu, "Bwana, nihurumie, nijalie nitoke salama". Anawaona wajinga. Mimi nikawaona majirani zangu, na sitasema zaidi.

*Kyrie* lenyewe halikuwa neno la kanisani. Lilikuwa Bwana kama bwana wetu, yaani bwana wa nyumba, bwana mwenye watumwa, bwana mkubwa. Mpaka leo ukiwa dukani Ugiriki unamuita mwanaume usiyemjua "Kyrie!" Hapa Kiswahili chetu kimebahatika, sisi nasi tunalo neno moja kwa Bwana wa mbinguni na bwana harusi na bwana shamba, hatuhitaji kuelezwa. Na kulikuwa na siku lilikuwa neno la hatari: mzee Polikarpo, askofu wa Smirna, karne ya 2, waliomkamata walimbembeleza garini, kuna ubaya gani kusema "Kaisari ni Kyrios" (ndo Kyrie lilelile) ukaokoa maisha yako? Akakataa, akachomwa.

## Ile i ya mwalimu

Turudi kwenye mazoezi, maana mwalimu wetu bila kujua alikuwa ameshika kitu.

Kwa herufi za Kigiriki neno limeandikwa *eleēson*, na ile *ē* zamani ilikuwa e ndefu. Baadaye ikawa inatamkwa *i*. Kwa hiyo *eleison* yetu yenye *i* inaonesha watu wa Magharibi walilichukua kwa sikio, kutoka kwa watu waliokuwa wanalisema, wakaandika walichosikia.

Na mimi miaka yote nilifundishwa kinyume, kwamba Kyrie ni mabaki, Roma ilisali kwa Kigiriki mwanzoni, ikahamia Kilatini, kipande hiki kikasahaulika ndani kama sarafu kwenye mfuko wa koti la marehemu. Inapendeza, ila haikai. Kuna mwanamke mmoja, Egeria, alikwenda kuhiji Yerusalemu miaka ya 380 na ushee akawaandikia dada zake huko Magharibi kila alichokiona. Anasema kwenye masifu ya jioni shemasi anataja majina ya watu wa kuombewa, mmojammoja, na watoto wengi wamesimama pale wanaitikia kila jina: *Kyrie eleison*. Halafu anawafafanulia dada zake: ni kile sisi tunachosema *miserere Domine*. Sauti zao, anasema, hazina idadi.

Unaona? Anawatafsiria. Kwao halikuwepo.

Mwaka 529 maaskofu walikutana Vaison, kusini mwa Ufaransa ya leo, wakasema kwa kuwa Roma na Italia yote na Mashariki wameshaweka desturi hii tamu ya kurudia Kyrie, na sisi tuiweke. Na mwaka 598 Papa Gregori Mkuu anamwandikia askofu Yohane wa Sirakusa akijitetea, kwa sababu kuna watu walinung'unika kwamba anaiga mambo ya Konstantinopoli. Anasema sisi hatusemi kama Wagiriki bwana, wao wanasema wote kwa pamoja, kwetu makleri wanaanza watu wanaitikia, na tena sisi tunaongeza *Christe eleison* ambayo wao hawana. Nilicheka peke yangu, ni ugomvi wa kwaya kabisa huu, kwaya ya kigango cha pili wameiba mtindo wetu, hapana sisi tumeongeza beti.

Wenzetu Waorthodoksi kuna mahali wanalirudia mara 40 mfululizo. Warusi wana kitenzi *kurolesit*, kufanya vituko na vurugu, na kimetokana na Kyrie eleison. Fikiria jinsi wasomaji walivyokuwa wanalikimbiza mpaka likawa jina la fujo.

Lakini kilichobaki kichwani kwangu ni wale watoto wa Yerusalemu. Wanaitikia majina ya watu wasiowajua, na hakuna anayewaeleza mgonjwa ana nini.

## Nafasi tupu

Sasa hii ndo niliyoikuta mwishoni, na mpaka leo sijaimaliza.

*Kyrie eleison* haina "tu".

Sisi tunasema u-tu-hurumie. Walatini mara nyingi wanasema *miserere nobis*, utuhurumie sisi. Kigiriki cha liturujia kinasema Bwana, hurumia. Basi. Kwa Kiswahili sentensi hiyo inaning'inia, unataka kuuliza "amhurumie nani?", sarufi yetu inadai mtu ndani ya kitenzi. Kule nafasi imeachwa wazi.

Kwenye Injili nafasi hiyo inajazwa na kila mtu anaijaza kivyake. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa, Mathayo 17, anasema umhurumie mwanangu. Yule mama Mkanaani, Mathayo 15, binti yake ndo mgonjwa lakini yeye anasema *unirehemu*. Mimi. Nilipita hapo miaka yote bila kuona. Anayeumwa ni mtoto, anayeombewa huruma ni mama anayeuguza. Na Yesu mwanzoni hamjibu hata neno.

(Na yule mtoza ushuru wa Luka 18, nilidhani naye anasema eleison, kumbe hapana, Kigiriki kina kitenzi kingine pale, na watafsiri wetu wa zamani waliliona wakaandika "uniwie radhi". Heshima yao.)

Nitasema jambo ambalo sijalisema nyumbani. Wiki ya mwisho ya mama, nilipokuwa nampaka mafuta na redio inaimba kwa chini, nilisema "Bwana utuhurumie" na kwenye hiyo *tu* nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka iishe, na sikujua kama naomba apone au aondoke. Tangu azikwe nimekuwa nikiibeba hiyo, kwamba pale pale mkono wangu ukiwa juu ya mguu wake nilikuwa najiombea mwenyewe. Ndo maana ile voisi noti niliishika vile, ilinipa jibu safi: haikuwa uchovu, ilikuwa sala.

Neno lenye nafasi tupu halinipi jibu safi. Ila ningeweza kulisema usiku ule bila kuchagua ni nani wa kuhurumiwa, na lingekuwa la kweli. Sikulijua wakati huo. Nilikuwa nalo kwenye daftari la kwaya, silabi nne.

## Jumuiya

Jumapili iliyopita nilisimama tena. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, nikawaambia ndugu zangu, mwaka jana niliwaeleza jambo hapa nikasema ni asili ya neno, na siyo asili ya neno. Nikaeleza kwa kifupi, eleos huku, elaion kule, nikatoa mfano wa kaa, wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza kama sasa tusiimbe tena, nikamwambia tuimbe tu, maana yake ni ileile tunayoisema kila siku.

Yule mama aliyelia mwaka jana alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango, miguu ameinyoosha sababu ya magoti.

"Kwa hiyo mafuta hamna."

"Hamna, mama."

Akawaza kidogo. "Na wewe mama yako ulikuwa unampaka kwa sababu ya Kigiriki?"

Sikuwa na la kusema. Watu wakawa wameshaanza kupitisha vikombe vya chai, mtoto anagawa maandazi, na yeye akanionesha kwa kidevu mkoba wake pale ukutani, nimsogezee, kuna dawa yake ya magoti humo ndani.

Ilikuwa ile ya kuchua. Kifuniko kimekaza, nikamfungulia.